Nondo na Kijidudu cha Malaria

Hakuna haja ya kumweleza mtu wa nchi hizi malaria ni nini. Aliyewahi kuugua hasahau ile baridi ya kumtetemesha mtu chini ya mablanketi mawili mchana wa jua kali, kisha joto, kisha jasho, kisha ule udhaifu wa siku nyingi ambao humrudisha mwanafunzi darasani akiwa amepitwa na masomo ya wiki nzima. Na huo ndio upande ulio mwepesi. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria ya kuwa mwaka wa 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria, na katika kila 100 waliokufa, 95 walikuwa katika Afrika. Wengi wao walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano.

Katika makala haya nataka kueleza kazi moja ya sayansi ambayo huenda wengi wetu hatujaisikia. Ni habari ya kipande kidogo cha urithi kilichotoka katika nondo, tena nondo ambaye viwavi wake hula kabichi za watu, kikatiwa ndani ya kijidudu cha malaria, na huko kikawaonyesha wataalamu vitu ambavyo kijidudu hicho hakiwezi kuishi bila ya kuwa navyo. Msomaji asiogope majina. Aliyesoma biolojia ya vidato vya chini anaweza kuifuata habari hii yote, akiwa na subira kidogo.

ADUI NA SILAHA ZETU

Kijidudu cha malaria kilionwa mara ya kwanza mwaka wa 1880 na daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, alipokuwa akitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini katika mji wa Constantine, Algeria. Mwaka wa 1897, huko India, Daktari Ronald Ross alikiona ndani ya ukuta wa tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, na tangu hapo tukajua ni nani anayekisafirisha.

Kijidudu chenyewe ni seli moja tu. Aina inayoua watu zaidi inaitwa Plasmodium falciparum. Mbu akimuuma mtu, vijidudu hukimbilia ini, huongezeka huko, kisha hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe moja kijidudu kimoja hula, hukua, na kila baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa vijidudu vipya 16 hata 32, ambavyo kila kimoja hutafuta chembe yake. Ndipo homa inapopanda.

Silaha tulizokuwa nazo ni dawa, na dawa zina historia ya kusikitisha. Klorokwini ilikuwa dawa njema, rahisi, na ya bei ndogo. Lakini kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 vijidudu visivyosikia klorokwini vilionekana katika Afrika Mashariki, na vikazidi, hata Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka wa 1998 na Tanzania mwaka wa 2001. Dawa ya SP iliyofuata nayo haikudumu. Baadaye zikaja dawa mseto zenye artemisinini, iliyopatikana katika mmea wa pakanga na Bibi Tu Youyou na wenzake huko China katika miaka ya 1970. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Dawa mseto bado zinaponya watu, wala mtu asiache kuzitumia. Lakini katika miaka ya karibuni vijidudu vinavyostahimili artemisinini kwa kiasi vimethibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Habari hii ni ya kwetu, wala si ya mbali. Tumekwisha kuona klorokwini ilivyokwenda zake. Tukingoja tu, tutaona na hii ikienda.

Basi inatubidi kutafuta mahali papya pa kumpiga adui. Na anayetaka kumpiga adui yafaa ajue kwanza ni wapi akipigwa atakufa, na wapi akipigwa atacheka.

KITABU KISICHOSOMEKA

Kila kiumbe kina maagizo ya kukijenga na kukiendesha, yaliyoandikwa katika nyuzi za DNA kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Agizo moja ndilo tuliitalo jeni. Mwaka wa 2002 wataalamu wa nchi mbalimbali walimaliza kusoma maagizo yote ya Plasmodium falciparum. Waliona herufi kiasi cha milioni 23, zilizogawanyika katika kromosomu 14, zenye jeni kiasi cha 5,400.

Ilikuwa furaha kubwa, lakini furaha yenye mashaka ndani yake. Jeni nyingi katika zile zilikuwa hazifanani na jeni yoyote ya kiumbe kinachojulikana. Ilikuwa kama mtu kupewa kitabu kizima cha lugha ngeni: herufi anaziona, maneno anaweza kuyahesabu, lakini maana haijui.

Je, utaijuaje kazi ya jeni usiyoifahamu? Njia ya kale ya sayansi ni kuiharibu na kutazama kitu gani kitatokea. Chukueni mfano wa mtu asiyejua baiskeli, aliyeletewa moja akaambiwa aeleze kila chuma kilichomo kina kazi gani. Akiondoa kengele, baiskeli itakwenda vilevile. Akiondoa taa, itakwenda mchana lakini usiku itamtupa shimoni. Akiondoa mnyororo, haitakwenda hata hatua moja. Kwa kuondoa kimoja kimoja atajua kipi ni pambo, kipi cha lazima, na kipi ni cha lazima kwa wakati fulani tu.

Lakini kuondoa jeni moja katika kijidudu cha malaria si kazi ya asubuhi moja. DNA ya kigeni ikitaka kufika ndani ya kiini cha kijidudu lazima ivuke tando nne: utando wa chembe nyekundu, utando wa kifuko anamokaa mgeni huyo, utando wa kijidudu chenyewe, na mwisho utando wa kiini. Kati ya vijidudu mamilioni, vichache mno huipokea. Tena kijidudu hiki hakina vyombo vile ambavyo viumbe wengine wanavyo vya kunyamazisha jeni kwa kutumia RNA, kwa hiyo hila zilizofaa kwa viumbe wengine hapa hazikufaa. Jeni moja ilichukua miezi mingi. Mtu angehesabu jeni 5,400 kwa mwendo huo, angeona wajukuu wake wangezeeka kabla ya kazi kwisha.

BIBI McCLINTOCK NA MAHINDI YAKE

Sasa tuache malaria kidogo twende shambani, kwa maana chombo kilichohitajika kilianza kujulikana katika mahindi.

Bila shaka mmepata kuona gunzi la mahindi ambalo punje zake zina madoa, nyeupe kwa zambarau au njano kwa nyekundu. Katika miaka ya 1940 mtaalamu mmoja Mmarekani, Bibi Barbara McClintock, alikuwa akipanda mahindi ya namna hiyo huko Cold Spring Harbor, karibu na New York, akichunguza kwa nini madoa yale hutokea. Baada ya miaka ya kuhesabu punje na kutazama kromosomu kwa hadubini, alifikia maneno ambayo wenzake waliona shida kuyakubali: ya kwamba viko vipande vya urithi visivyokaa mahali pamoja. Huhama. Kipande kikitua katikati ya jeni ya rangi, jeni hiyo huharibika na punje hukosa rangi. Kikiondoka tena wakati punje inakua, rangi hurudi mahali pale, na hapo ndipo doa linapotokea.

Siku zile watu wengi walidhani jeni zimepangwa kama shanga katika uzi, kila moja mahali pake milele. Bibi McClintock alipoyaeleza haya mwaka wa 1951, wengi hawakumwelewa. Hakugombana na mtu. Aliendelea na mahindi yake. Miaka ikapita, vipande kama vile vikaonekana katika bakteria, katika inzi, na hata ndani yetu wanadamu. Mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel peke yake.

Vipande hivyo huitwa transposoni. Mimi hapa nitaviita vipande virukavyo. Vile vitakavyotuhusu leo vina sehemu mbili zinazofaa kukumbukwa. Ya kwanza ni ncha zake mbili, ambazo ni kama alama ya mwanzo na ya mwisho. Ya pili ni jeni ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho transposesi, ambacho ni kama mkasi na sindano kwa pamoja: hutambua ncha zile mbili, hukata kipande kilicho kati yake, na kukishonea mahali pengine.

NONDO WA KABICHI

Tunafika kwa nondo wetu. Anaitwa Trichoplusia ni, na viwavi wake ni maadui wa mkulima wa kabichi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bwana Malcolm Fraser na wenzake huko Marekani walikuwa wakichunguza virusi vinavyoua viwavi, wakavikuza katika seli za nondo huyu. Waliona ya kuwa baadhi ya virusi vilibadilika. Walipotafuta sababu, wakakuta kwamba kipande cha DNA kilikuwa kimeruka kutoka katika seli ya nondo kikaingia katika virusi. Kipande hicho baadaye kikaitwa piggyBac.

PiggyBac ana tabia mbili zinazopendeza. Kwanza, hatui popote ovyo; hutua mahali penye herufi nne zilizofuatana hivi: TTAA. Pili, akiondoka mahali huacha pakiwa kama palivyokuwa, bila ya kovu.

Hapa ndipo kilema cha kijidudu cha malaria kilipogeuka kuwa faida kwetu. Katika herufi zake milioni 23, zaidi ya 80 katika kila 100 ni A au T. Jambo hili liliwasumbua sana wataalamu, maana DNA ya namna hiyo ni ngumu kuisoma na kuishughulikia maabarani. Lakini kwa piggyBac, kitabu kilichojaa A na T ni kitabu kilichojaa TTAA. Mahali pa kutua ni zaidi ya 300,000, pamesambaa karibu kila mahali.

Isidhaniwe kwamba piggyBac ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingizwa katika vimelea vya seli moja. Mwaka wa 1997 Mabwana Frederico Gueiros-Filho na Stephen Beverley walichukua kipande kingine kirukacho, kiitwacho mariner, ambacho asili yake ni inzi mdogo wa kisiwa cha Mauritius katika Bahari ya Hindi, wakakitia katika Leishmania, kijidudu kinacholeta vidonda vibaya vya ngozi na ambacho huenezwa na usubi wa mchanga. Kipande cha inzi kikaruka ndani ya kijidudu kama kwamba kiko kwao. Hapo ikathibitika kwamba chombo hiki hakijali sana kiko katika nyumba ya nani.

Kisha mwaka wa 2005, katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, ambako Bwana Fraser mwenyewe alikuwa akifundisha, kundi la Bwana John Adams wakiwa pamoja naye walitangaza kwamba piggyBac ameruka ndani ya Plasmodium falciparum.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Kazi hii inafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

Kwanza, kipande kirukacho hugawanywa sehemu mbili, na kila sehemu hutiwa katika pete yake ya DNA. Pete ya kwanza huwa na zile ncha mbili, na katikati yake, mahali pa jeni ya transposesi, hutiwa jeni nyingine inayokifanya kijidudu kistahimili dawa fulani ya maabara. Pete ya pili huwa na jeni ya transposesi tu, bila ya ncha. Kwa hiyo pete ya kwanza ina mzigo lakini haina mkasi. Ya pili ina mkasi lakini haina mzigo.

Pili, wataalamu huchukua chembe nyekundu za damu, huzipiga umeme kwa nukta ndogo sana ili tando zake zifunguke matundu, na pete hizo mbili huingia. Kisha vijidudu huachwa vivamie chembe hizo kama ilivyo desturi yake. Vinapokula na kukua humo, baadhi yake hupokea pete.

Tatu, transposesi hutengenezwa, hukata mzigo, na kuushonea mahali penye TTAA katika kromosomu ya kijidudu. Katika kijidudu hiki huenda ukatua hapa, katika kile pale. Ukitua katikati ya jeni, jeni ile huharibika.

Nne, dawa hutiwa katika chupa. Vijidudu visivyopata mzigo hufa, vilivyoupata hubaki. Pete ya pili, kwa kuwa haina njia ya kushonwa, hupotea polepole kadiri vijidudu vinavyozaana. Mkasi ukishapotea, mzigo hauwezi kuruka tena. Umekaa hapo ulipo, na wazao wote wa kijidudu kile watauchukua.

Tano, wataalamu husoma DNA ili kujua mzigo umetua wapi. Hili si gumu sana, maana ncha za piggyBac zinajulikana herufi kwa herufi. Ni kama mtu anayetafuta jina lake katika kitabu kikubwa: akiliona, husoma maneno yaliyo kando yake, na mara hujua yuko ukurasa gani.

Liko jambo moja zaidi linaloisaidia kazi hii. Sisi wanadamu kwa kawaida tuna nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo moja ikiharibika ya pili huweza kuziba pengo. Kijidudu cha malaria kikiwa katika damu kina nakala moja tu. Ikiharibika, hakina akiba.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Mwaka wa 2018 Bibi Min Zhang, Bwana Adams, ambaye alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha South Florida, na wenzao wa Marekani na Uingereza, walitoa matokeo ya kazi kubwa. Hawakuharibu jeni moja au kumi. Walitengeneza vijidudu vya namna zaidi ya 38,000, kila namna ikiwa na kipande cha nondo mahali pake mbali na mwenzake.

Sasa fikirini vizuri, maana hapa ndipo penye akili ya kazi yote. Kila kijidudu kilichobaki hai ni shahidi. Kinasema: "Jeni iliyoharibika ndani yangu si ya lazima, kwa kuwa mimi hapa ni mzima." Lakini je, ni nani atakayetushuhudia juu ya jeni zilizo za lazima? Hakuna. Vijidudu vilivyoharibikiwa na jeni hizo vilikufa vyote, na maiti hatoi ushahidi.

Basi inabidi kufanya kama mwalimu wa zamu anavyofanya asubuhi kwa daftari la mahudhurio. Mwalimu huita majina yote. Walioitika anajua wapo. Lakini hajifunzi kwa walioitika tu. Anajifunza hasa kwa kimya. Jina likiitwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wala hapana sauti, anajua pana jambo. Vivyo hivyo wataalamu hawa waliita jeni zote moja moja. Jeni ndefu yenye TTAA nyingi, ambayo ilipasa kuguswa mara nyingi, ikiwa katika vijidudu 38,000 haikukutwa hata kimoja kilichoishi nayo ikiwa imeharibika, basi kimya chake kina maana. Jeni hiyo ni mnyororo wa baiskeli.

Kwa hesabu hiyo walipata jeni 2,680, karibu nusu ya zote, ambazo kijidudu kinazihitaji ili kukua sawasawa katika damu. Miongoni mwake zimo nyingi ambazo mpaka siku hiyo hakuna aliyejua kama zina maana yoyote. Na kundi moja lilivuta macho: jeni za kinu kile ambacho seli hutumia kuvunjia protini zilizochakaa au kuharibika. Artemisinini inajulikana kuwa huharibu protini za kijidudu, nacho hukitegemea kinu hiki kuondoa takataka. Dawa itakayokisimamisha kinu hicho, bila kudhuru kile cha mgonjwa, ingeweza kukipiga kijidudu mahali kisipoweza kuvumilia, na huenda ikaipa artemisinini nguvu mpya. Wataalamu wako katika kutafuta dawa za namna hiyo.

HABARI YA HOMA

Vijidudu hivi vyenye kipande cha nondo havikutupwa baada ya kuhesabiwa. Vimekuwa kama maktaba, ambamo mtu huweza kwenda na swali jipya.

Swali moja lilikuwa la homa. Mwili wetu unapopandisha joto huwa unapigana, maana vijidudu vingi hufa kwa joto. Lakini vya malaria huvumilia, mara baada ya mara. Vinavumiliaje? Mwaka wa 2021 Bibi Zhang na wenzake walitangaza jaribio hili: walichukua vijidudu vyenye jeni zilizoharibika mbalimbali, wakavitia katika joto la digrii 41, kama la mgonjwa aliyezidiwa, kisha wakatazama ni vipi vilivyoshindwa. Kila kilichoshindwa kilitaja jeni ambayo kazi yake ni kuvumilia homa. Ni ile taa ya baiskeli: mchana hujui faida yake.

Jibu lilikuwa la ajabu. Sehemu kubwa ya jeni hizo zilihusika na kiungo kidogo ndani ya kijidudu kiitwacho apikoplasti. Kiungo hiki ni masalio ya sehemu ile ile ambayo katika majani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Wahenga wa mbali wa kijidudu cha malaria walikuwa na kitu kama cha mimea. Leo nuru wameisahau, lakini karakana yao ya zamani bado wanaibeba, na inatengeneza vitu vya lazima kwao. Tena ilionekana kwamba njia wanazotumia kuvumilia homa zinahusiana na zile wanazotumia kustahimili artemisinini. Na kwa kuwa sisi wanadamu hatuna kiungo hiki kabisa, anayekipiga hatatugusa sisi.

MASHAKA YANAYOFAA KUTAJWA

Haifai kusifu kitu bila kutaja upungufu wake. Huenda msomaji akauliza maswali matatu.

Je, hesabu ile haina kosa? Inaweza kuwa nalo. Jeni fupi yenye TTAA moja au mbili inaweza kukosa kuguswa kwa bahati tu, wala si kwa kuwa ni ya lazima. Kwa hiyo jeni za namna hiyo hupimwa kwa njia nyingine, kama mkasi wa CRISPR, ambao tangu mwaka wa 2014 umetumika kukata jeni inayotakiwa na mtaalamu. Chombo kimoja hupeleleza nchi nzima. Kingine huingia nyumba moja iliyochaguliwa.

Je, yaliyoonekana ndani ya chupa ni sawa na ya ndani ya mtu? Si yote. Katika chupa hakuna kinga ya mwili, hakuna ini, hakuna mbu. Jeni isiyohitajika katika damu inaweza kuwa ya lazima ndani ya mbu. Katika maswali hayo husaidia sana aina nyingine ya kijidudu, Plasmodium berghei, iliyogunduliwa mwaka wa 1948 katika panya wa msituni huko Katanga, Congo, ambayo huugua panya wala haimdhuru mtu. Huyo naye alikwisha kutiwa piggyBac, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 2011.

Je, vijidudu hivi vilivyobadilishwa vikitoroka itakuwaje? Ni swali la haki, na watu wa maabara hulichukua kwa uzito. Hufanya kazi katika vyumba maalumu na kwa masharti. Zaidi ya hayo, malaria haienei kwa hewa wala kwa kugusana. Katika hali ya kawaida huhitaji mbu. Vijidudu vilivyoharibiwa jeni aghalabu huwa dhaifu kuliko vya kawaida. Na ile dawa wanayofanywa waistahimili ni ya maabara, wala haitumiki kutibu wagonjwa.

Juu ya yote, tukumbuke kwamba orodha ya jeni si dawa. Kutoka katika orodha mpaka kidonge mkononi mwa mama aliye zahanati ni safari ya miaka mingi, na majaribio mengi hufa njiani. Lakini zamani safari hiyo ilianza gizani. Sasa inaanza na ramani.

MWISHO

Liko jambo moja linalonishangaza katika habari hii yote. Bibi aliyehesabu madoa ya mahindi hakuwa akitafuta dawa ya malaria. Bwana aliyetazama virusi vya viwavi hakuwa akiitafuta. Wala inzi wa Mauritius hakuwekewa matumaini ya kumsaidia mgonjwa yeyote. Kila mmoja alitazama kitu kidogo kilichokuwa mbele yake, akakitazama vizuri, akaandika kwa uaminifu alichokiona hata pale ambapo wenzake walinyamaza. Mwishowe vitu hivyo vidogo vikakutana. Wahenga walisema: Usidharau kiselema chalima kikapita jembe zima.

Nanyi wenzangu mnaochora seli katika madaftari yenu ya biolojia na kuuliza haya yote yana faida gani, yakumbukeni hayo. Jeni nyingi katika zile 2,680 bado hazijulikani kazi yake hasa ni nini. Kazi ya kuzijua inangoja watu, na sioni sababu kwa nini watu hao wasitoke katika nchi ambazo ugonjwa huu huwazika watoto wake.

Mpaka siku hiyo ifike, mambo ya zamani yangali mema: lala ndani ya chandarua, fukia madimbwi, ukishikwa na homa nenda ukapimwe damu, na ukipewa dawa mseto maliza dozi yote hata ukijisikia mzima siku ya pili. Anayeacha dawa nusu humwacha adui akiwa hai, tena akiwa amefundishwa vita.